Mteja wa Alhamisi Saa Nne

Mshauri wa ndoa huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka kumi na minane alikaa kwenye chumba kimoja juu ya duka la miwani, akisikiliza waume wakilalamikia wake zao na wake wakilalamikia waume zao, na muda wote huo alikuwa na sheria moja aliyoing'ang'ania kwa meno. Akishakaa na mke peke yake, mume wa mke huyo hampokei; na akishakaa na mume, mke atafute kwingine. Sababu yake haihitaji chuo. Ukiwa na masikio mawili usimpe mume moja na mke moja wakati wanagombana, utakuja kusahau lipi ulilisikia kwa nani.

Kwa hiyo kila aliyepiga simu kuomba nafasi aliulizwa mambo matatu: jina lake, jina la mwenzake, na saa anayoweza kufika. Kisha mshauri alifungua daftari akatazama. Jina la mwenzake likiwamo, alisema, "Samahani, sitaweza kukupokea, lakini nitakupa namba ya mwenzangu, mtu mzuri sana." Haongezi neno. Hapo ndipo watu huanza: kwa nini, kuna nini, umesikia nini kunihusu. Wengine hufoka. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba ndoa yake mwenyewe imemshinda ndiyo maana anazivamia za wenzake, jambo ambalo halikuwa kweli, maana alikuwa mjane, na marehemu hakuwahi kumshinda kwa lolote isipokuwa karata.

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana simu ililia. Sauti ilikuwa ya mwanamume, laini, ya mtu aliyelelewa akaleleka.

"Shikamoo, Mama. Samahani kwa usumbufu. Natafuta mshauri wa mambo ya ndoa."

"Marahaba, baba. Umefika. Nisaidie jina lako."

Alilitaja. Akaeleza kwamba mkewe ameondoka nyumbani, huu mwezi wa tatu. Kabla ya kuondoka mke alimwomba mara nyingi waende kwa mshauri, naye akawa anabisha, anasema mambo ya ndani hayatolewi nje. "Sasa nimeliona kosa langu, Mama. Nataka kujirekebisha."

Maneno kama hayo humlainisha mshauri yeyote, na huyu wetu alikuwa tayari ameshika kalamu kumpangia siku. Akamuuliza jina la mkewe. Mwanamume akalitaja taratibu, yote matatu, kama mtu anayemwandikisha mtoto shule.

Mshauri hakuhitaji kufungua daftari. Huyo alikuwa mteja wake wa Alhamisi saa nne asubuhi.

Kwenye daftari alimwandika Mfuma-sweta, kwa sababu ndiyo kazi yake: alifuma sweta za wanafunzi kwa mashine. Alikuja kwa mshauri miezi minane, mitano ya kwanza kwa kuiba muda akitoka kununua uzi, na mitatu ya mwisho akiwa ameshakimbia. Mumewe ni fundi wa mabomba ya maji. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa ngumi, majirani walimsifu. Lakini siku mkewe alipochelewa kurudi sokoni alimfungia bafuni siku mbili, akatoka nje akafunga na maji. Alipomfungua alimpa taulo safi na kikombe cha chai, akamwambia kwa sauti hiyo hiyo laini, "Ukiondoka siku moja usirudi, nitakuja kukutafuta. Na nikikupata sitakufungia. Sitakuwa na haja."

Ndiyo sababu Mfuma-sweta alikuwa sasa amejificha upande wa pili wa mji huo huo, kwenye chumba cha uani kwa mkunga mstaafu, rafiki wa mshauri. Hakuwa na ndugu aliyejua. Alitoka mara moja tu kwa wiki, na alitoka kuja kukaa kwenye kiti cha wateja cha mshauri.

"Samahani, baba," mshauri alisema. "Sitaweza kukupokea. Lakini nitakupa namba ya—"

"Haya, Mama. Asante sana. Umenisaidia."

Akakata.

Mshauri alibaki na simu mkononi. Kilichomkera hakikuwa lile jina, bali ile shukrani. Watu wazima wa kawaida wakinyimwa kitu huuliza sababu. Huyu hakuuliza, wala hakungoja namba ya mwenzake. Aliondoka kama mtu aliyepewa alichokuja kuchukua.

Asubuhi iliyofuata alimpigia mshauri mwenzake wa karibu na posta, mzee mmoja mpenda maneno waliyesoma naye.

"Amenipigia Jumatatu," mzee alisema. "Kijana mwenye adabu kweli. Nikampa nafasi ya leo. Jana jioni akaifuta."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema keshampata wa kumsaidia. Nikajua ni wewe, maana mjini hapa wateja wangu wote wazuri unavuna wewe."

Akampigia mwingine. Naye alimkubali Jumatatu, nafasi ikafutwa Jumanne jioni. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne, mwanamke aliyefungua ofisi mwaka huo huo na ambaye angempokea hata mwizi wa kiatu chake, alisema alimpangia saa mbili nzima, na sasa saa mbili zile zimebaki tupu.

Washauri wa mji mzima walimkubali fundi. Mmoja tu alimkataa. Hapo mshauri alielewa. Fundi hakuwa akitafuta mshauri wa kumpokea. Alijua mkewe lazima atakuwa na mshauri, kwa sababu kitu hicho ndicho alichokuwa akikililia. Alichotaka ni kujua ni yupi. Na yeye, kwa sheria yake nzuri ya miaka kumi na minane, amemwambia wazi kuliko kama angempigia kelele dirishani.

Aliteremka kununua maji ya kunywa. Muuza miwani alikuwa mlangoni kwake akifuta vioo, na kama kawaida yake akamtania. "Daktari wa ndoa, leo uso umeufua hukuupiga pasi. Kuna nini?"

"Uchovu tu, kaka."

"Pole. Jana jioni ulimkosa mteja. Bwana mmoja nadhifu, alikaa hapa kwenye benchi karibu saa nzima akijaribu fremu. Macho yake mazima kabisa, nilimpima. Akaniuliza ngazi hii ndiyo pekee ya kupandia juu. Nikamwambia ndiyo, labda uote mabawa."

Mshauri alilipia maji akasahau kuyachukua.

Huko juu alifunga mlango, akampigia mkunga. Mfuma-sweta alipatikana kwa simu ya mkunga tu, naye akapewa.

"Mwanangu, sikiliza. Kesho usije."

"Unaumwa, Mama?"

"Mumeo ameijua ofisi."

Upande wa pili ikasikika mashine ya kufuma ikizimwa. Mshauri alimweleza kila kitu, hakujitetea. Alisema alivyoulizwa, alivyokataa, na jinsi kukataa kwenyewe kulivyosema. Kisha akasema alichokipanga.

"Nitampigia sasa hivi. Nitamwambia nilikosea daftari, kwamba nilimchanganya na mtu mwingine, na nafasi ipo. Nikimpokea, lile neno langu la jana linakufa. Atajua huji kwangu."

"Utampokea lini?"

"Kesho. Saa nne."

"Saa yangu."

"Ndiyo iliyo wazi, mwanangu. Nikimpa nyingine atajiuliza hiyo ni ya nani."

"Na mimi?"

Swali hilo mshauri alilitarajia, na bado lilimchoma. "Nikishampokea yeye, sitaweza kukaa na wewe. Si kwa sababu ya sheria peke yake. Atakuwa analinda ngazi. Nitakutafutia mwenzangu, yupo mmoja—"

"Huyo naye ataniuliza jina," Mfuma-sweta alisema. Hakupaza sauti. "Mama, nimekaa kwenye kile kiti miezi minane. Nimekwambia mambo ambayo sijamwambia hata marehemu mama yangu kaburini. Sasa atakalia yeye."

"Ninafanya hivi kwa ajili yako."

"Najua. Hata yeye alikuwa anasema hivyo hivyo."

Simu ikakatwa. Mshauri alitamani kupiga tena, lakini alijizuia, maana alikuwa na simu nyingine ya kupiga na sauti yake ilitakiwa iwe kavu. Alikunywa maji ya bomba, akapiga. Fundi alipokea kabla simu haijaita mara ya pili. Alisikiliza habari ya daftari lililokosewa, akasema watu wote hukosea, akashukuru.

Alhamisi alifika saa nne kasoro dakika moja. Alikuwa mtu mfupi, msafi, kucha zimekatwa vizuri kuliko za mshauri mwenyewe. Alipangusa viatu mlangoni mara mbili. Alikaa kwenye kiti bila kuelekezwa, akakishika mikono yake ya mbao, akavipitisha vidole polepole mbele na nyuma.

Mkutano huo wa kwanza ulikuwa mwema kiasi cha kutisha. Fundi alizungumza juu ya utoto wake, juu ya baba aliyekuwa akiwanyima chakula kwa kosa la kucheka. Alilia, akatoa leso yake mwenyewe, akaikunja alipomaliza. Na tuseme ukweli wote: kulikuwa na dakika kadhaa ambapo mshauri alimwonea huruma. Mazoea ni kitu kibaya. Mtu aliyezoea kumsikiliza kila anayekaa mbele yake hujikuta akimsikiliza hata chui, akimuuliza meno yalianza kumuuma lini.

Hakuuliza lolote kuhusu mkewe alipo. Alipoondoka, mshauri alichungulia dirishani. Fundi alikaa kwenye benchi la duka la miwani mpaka saa saba, akitazama ngazi, kisha akaondoka.

Ijumaa mshauri alimpigia mkunga. Mkunga alisema mgeni wake amelala, anaumwa kichwa, hataki simu. Mshauri akasema mwache apumzike. Aliona ni busara asipige tena siku chache. Kadiri njia inavyokanyagwa ndivyo inavyoonekana. Hilo nalo aliliona la kitaalamu.

Alhamisi ya pili fundi alikuja mchangamfu. Mshauri alimuuliza kuhusu kazi yake, kwa sababu mwanamume akiulizwa kazi hufunguka, na yeye alitaka saa iishe.

"Kazi yangu hasa si mabomba, Mama. Mabomba mtu yeyote anaunga. Mimi naitwa maji yanapopotea. Mtu anakuta mita inazunguka mchana na usiku, sakafu kavu, ukuta mkavu. Maji yanakwenda wapi? Mafundi wengine wanavunja sakafu nzima. Mimi sivunji."

"Unafanyaje?"

"Nafunga koki moja, natazama mita. Ikiendelea kuzunguka, naifungua, nafunga ya pili. Natazama. Nafunga ya tatu. Mita ikisimama, nimeshajua. Sijagusa ukuta." Alitabasamu. "Kinachotakiwa ni subira tu. Na kutazama mita, si kutazama sakafu. Watu wengi wanakosea hapo."

Mshauri aliandika maneno hayo. Alikuwa na tabia ya kuandika mfululizo mteja akizungumza, kalamu haipumziki. Ilimsaidia yeye kusikiliza na wateja kusahau kwamba wanatazamwa.

"Nawaza sana atakuwa wapi," fundi alisema kwa upole, kama anayebadilisha mazungumzo. "Si kwamba nataka kumfuata. Nataka tu moyo utulie. Ana dada yake, kwenye ule mji wa kiwanda cha saruji. Unadhani angeenda kwa dada yake?"

"Wewe unadhani angeenda?" mshauri aliuliza, akiendelea kuandika.

"Hawaelewani sana." Akaendelea. "Au kuna rafiki yake waliyesoma wote. Anafundisha chuo, anaishi peke yake."

Mshauri aliandika: rafiki, chuo. Akainua macho. Fundi hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama mkono wake, ule wenye kalamu.

Koki ya kwanza, dada. Koki ya pili, rafiki. Na mita ilikuwa yeye.

Ilibidi afikiri upesi huku vidole vikitembea. Alijua orodha hiyo inakokwenda. Baada ya ndugu na marafiki fundi angesema, "Au yupo hapa hapa mjini," na mshauri hakuwa na hakika kwamba mkono wake ungepita neno hilo bila kutetemeka. Kama ni lazima mita isimame, basi isimame mahali pasipo na maji.

"Kwingine ni kwa shangazi yake," fundi alisema. "Kijijini kule, nyuma ya msitu wa misonobari. Ndiko alikolelewa. Lakini huko nilishakwenda wiki ile ile ya kwanza, nikakagua hadi kwenye banda la kuku. Hakuwapo."

Mshauri alipapima mahali hapo kwa pumzi moja. Shangazi: Mfuma-sweta alishamwambia mara nyingi kwamba huko hawezi kwenda, ndiko alikoolewa, fundi anajua kila njia. Ni mbali, saa tano kwa gari. Amekwisha kupekuliwa. Fundi akienda atakuta bibi mkali na kuku, atapoteza siku mbili barabarani, na katika siku hizo mbili yeye na mkunga watampeleka Mfuma-sweta mbali kabisa na mji huu.

Akaisimamisha kalamu.

Haikuwa muda mrefu. Alitazama dirishani, akameza mate, kisha akaandika tena, haraka kuliko kwanza. Hata mwigizaji wa kulipwa asingefanya vizuri zaidi.

Fundi hakutaja mahali pa nne. Aliegemea nyuma kwenye kiti, akashusha pumzi, akaanza kuzungumzia usingizi wake, kwamba siku hizi analala vizuri kidogo. Kabla ya saa kwisha alisimama. Alisema amekumbuka kuna nyumba anatakiwa kukagua. Alimpa mshauri mkono, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Wewe ni mtu mwema, Mama. Inaonekana."

Mshauri alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, wala havikuwa na haraka. Kupitia dirishani aliona gari la kazi, lenye mabomba juu yake, likitoka kuelekea barabara ya kaskazini. Na hapo, tusimfichie, alijisikia fahari. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alicheka peke yake, akajipigapiga paja. Alikuwa amemcheza fundi kwa ufundi wake mwenyewe.

Akampigia mkunga.

"Mwenzangu, mwamshe mgeni wako, afunge mizigo. Nimepata siku mbili."

"Mgeni gani?" mkunga alisema.

"Usinitanie, dada. Leo sina muda."

Mkunga alikuwa mwanamke aliyezoea kutoa habari mbaya kwenye korido za wodi, na sauti yake ilijipanga hivyo. "Ameondoka Jumamosi, asubuhi na mapema. Aliniapisha nisikwambie."

"Kwa nini usiniambie mimi? Mimi ndiye niliyemleta kwako."

"Alisema sasa unakaa na mumewe. Alisema hata kama hutaki, yatakuponyoka, kwa sababu yule bwana anajua kumkamua mtu bila kumgusa. Sikuweza kumpinga, mwenzangu. Nilimwona hajalala siku tatu."

Mshauri alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. "Amekwenda wapi?"

"Nilimuuliza hilo hilo, nikamwambia usiende kwa ndugu, kwa ndugu ndiko anakoanzia. Akanijibu jambo la akili kweli, nikanyamaza. Akasema wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha, kwamba mtu ajifiche pale anayemtafuta alipokwisha kuacha kutafuta." Mkunga alivuta pumzi. "Akasema kuna mahali mumewe ameshapekua hadi kwenye banda la kuku, habari niliyomletea mimi mwenyewe kutoka kwa wauza kuku wa kule wanaokuja sokoni. Hatarudi huko tena. Amekwenda kwa shangazi yake."

Kuna maumivu yanayokuja na kelele, na yapo yanayokuja kimya. Mshauri aliona chumba chake chote kwa wazi kabisa, meza, feni, nguo ya meza yenye doa la wino, kana kwamba ni chumba cha mtu mwingine. Miezi minane walikuwa wamefikiri pamoja, yeye na yule mwanamke, mpaka wakajifunza kufikiri sawasawa.

"Upo?" mkunga aliuliza. "Kwani kuna nini?"

"Shangazi ana simu?"

"Huko hakuna mtandao. Aliniambia ndiyo maana anapapenda. Na yake ameizima tangu siku alipofika kwangu, laini ameniachia mimi."

Mshauri alikata, akampigia fundi. Hakujua atasema nini. Alijua tu kwamba ni lazima arudi. Iliita mara nyingi. Alipopokea, nyuma yake palisikika injini na upepo.

"Baba, samahani, kuna jambo muhimu nimelisahau kwenye mazungumzo yetu. Ningependa urudi sasa hivi, kabla hujafika mbali. Linamhusu mkeo."

"Ninajua linamhusu, Mama."

"Hayupo unakodhani. Nakuapia."

Fundi alicheka kidogo, bila ubaya, kama anavyocheka fundi wakati mwenye nyumba anakana kwamba pale ukutani pana bomba. "Mara ya kwanza ulikataa, nikajua. Ukaja ukakubali, nikachanganyikiwa, nikubali ukweli. Nikasema huyu mama ni mjanja. Sasa hivi unaniapia." Sauti ya gari ilibadilika, likapanda mlima. "Alhamisi ijayo sitakuja. Saa yangu umpe mtu mwingine mwenye shida. Asante kwa yote, Mama."

Akakata kwa adabu ile ile. Mshauri alipiga tena, simu ikawa haipatikani.

Ilimchukua muda mrefu kuipata namba ya kituo cha polisi kilicho karibu na kijiji kile. Sajini aliyepokea alikuwa akitafuna kitu. Mshauri alieleza, maneno yakimtoka kwa kugongana: kuna mwanamume yuko njiani, kuna mwanamke nyumbani kwa shangazi yake nyuma ya msitu wa misonobari, tumeni mtu akamtoe.

"Huyo bwana amefanya nini, Mama?"

"Bado hajafanya."

"Amemtishia?"

"Alimwambia akiondoka atamtafuta."

"Mke wake?"

"Ndiyo."

"Ya ndoa," sajini alisema, na mshauri alisikia jinsi neno hilo lilivyofunga mlango. "Wewe ni ndugu yao?"

"Mimi ni mshauri wao."

"Wa mke au wa mume?"

Mshauri alivuta daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa kwanza wa Mfuma-sweta, maneno aliyoapa kwamba hatayasikia mtu mwingine yeyote. "Sikiliza, afande. Nitakusomea. Nitakusomea yote, tangu siku ya bafuni. Uandike, kisha utume gari."

"Haya, Mama," sajini alisema. Kiti kilisogezwa, droo ikafunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa nyingine. "Subiri kwanza nitafute kalamu."